Mguu Uliokuwa Ukifa Nikikaa Tahiyatu

Amani iwe kwenu nyote, mlioingia kwa bismillahi na mlioingia kwa jina la Yesu. Naona leo sisi wa Maskati wenye maradhi ya miguu tumekaa mchanganyiko, wa Ruwi, wa Wadi Kabir, na sisi wa hapa hapa Ansab, na kila mmoja kaja na mguu wake na kisa chake. Dada aliyenitangulia kasema vizuri sana habari za sukari. Mimi sina sukari. Na hiyo ndiyo balaa iliyonikuta, maana mtu akiwa na kidonda kisichopona na sukari hana, hata madaktari wanachoka naye.

Mimi si msemaji. Mke wangu, yule pale nyuma karibu na birika la kahawa, anasema mimi najua kugomba tu. Ni kweli. Basi ntasema kama nnavyogomba, na majina ya watu sitayataja, kwa sababu wengine wako hai na wengine hawapo kujitetea.

Nimezaliwa Unguja. Nimeletwa Maskati mtoto wa skuli, miaka ya sabini, tukakaa chumba kimoja kwa ami yangu, sisi watu saba. Nilipokuwa mtu mzima nikapata kazi ya serikali, kusoma mita za maji. Kazi yenyewe ni miguu. Unapewa mtaa, unapita nyumba kwa nyumba, unafunua kifuniko, unaandika, unakwenda mbele. Vilima vya mji huu vyote navijua kwa shavu la mguu wangu.

Na hapo hapo kwenye shavu la mguu ndipo yalipoanza. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nina miaka thelathini na sita, sivuti sigara, sina unene. Siku moja nnapanda kilima, nikahisi shavu la mguu wa kushoto limekamatwa na kukamuliwa kama nguo ya kufua. Nikasimama. Likaachia. Nikatembea tena, likakamata tena. Nikasema labda nimelala vibaya.

Ndugu zangu, nnakwambieni, mtu anaweza kujidanganya mwaka mzima. Mwanzo nilikuwa nasoma nyumba kumi na tano kabla mguu haujanikamata. Baada ya Ramadhani zikawa nane. Ilipofika Mfunguo Tatu zikawa tatu. Nikifika ya tatu nasimama ukutani, nafungua kitabu, najifanya naandika, na wala siandiki kitu. Mama mmoja wa nyumba ile akawa ananiletea maji kila mwezi, anadhani nina kiu.

Kisha mguu ukanifuata nyumbani. Mnajua sisi tunakula chini. Sinia la wali linawekwa, watu wanakunja miguu, wanakula na kuzungumza. Mimi nikikunja goti, haijafika dakika mbili, unyayo unaingia ganzi, kisha unakuwa baridi, kisha hata sijui kama ni wangu. Nikawa nasema nimeshiba. Nikawa nakula jikoni nimesimama, mtu mzima, kama mwizi.

Na msikitini je? Kwenye kisimamo sina shida. Lakini nikikaa tahiyatu, nimeukalia mguu wa kushoto kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani, mguu ule unakufa. Imamu akitoa salamu, watu wanainuka, mimi nimebaki chini najikandakanda. Mzee mmoja akanambia kwa upole, "Chukua kiti, mwanangu, pale nyuma." Viti vile wanakaa wazee wa miaka sabini. Sikuchukua kiti. Niliacha kwenda msikitini. Haya, anicheke atakaye. Niliona bora nikose sala ya jamaa kuliko nionekane kilema.

Hospitali nilikwenda. Daktari akanilaza, akaninyanyua mguu ukiwa umenyooka, akasema ni mshipa wa fahamu wa mgongo, unabanwa. Nikamwambia mgongo wangu hauumi. Akasema hivyo hivyo ndivyo unavyokuwa. Nikapewa vidonge, nikapewa mkanda wa kufunga kiunoni. Nikavaa mkanda ule miezi minne kwenye joto la Maskati.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu, nisikilizeni.

Kazini nilikuwa na wenzangu watatu, watu wa bara ya Oman, kule nyuma ya milima. Watu wazuri. Lakini walikuwa wakiniita Zinjibari. Kwa mzaha, na mimi nacheka. Kiarabu changu wananisahihisha, nacheka. Nikitia nazi kwenye chakula wanauliza kama nimekosa samli, nacheka. Miaka kumi na tano nacheka. Mtu asiyepitia hayo hawezi kujua yanakula wapi. Unguja tulikuwa tunaitwa Waarabu. Tumerudi kwa Waarabu tunaitwa Wazinjibari.

Siku moja mmoja wao kaniona nimeegemea ukuta. Akasema, "Mguu huu dawa yake wasm. Chuma cha moto tu. Baba zetu wote wamechomwa na wametembea mpaka kufa." Kisha akanitazama, akatabasamu, akasema, "Lakini nyinyi watu wa Zinjibar moto hamuuwezi."

Basi. Neno hilo tu.

Mke wangu alinambia, "Usende. Nenda hospitali kubwa, wakupige picha ya mguu, si ya mgongo." Nikamgombeza. Nikamwambia babu yangu katoka huko huko bara, damu yangu ni ya huko, na moto wa huko ntauweza. Alkhamisi asubuhi tukapanda gari, mimi na wenzangu watatu.

Mzee mchomaji alikuwa na nyumba ya udongo karibu na mfereji. Mzee mpole, mkono wake mwepesi. Tukanywa kahawa, tukala tende. Akanilaza kifudifudi kwenye jamvi, akanishika mguu, akausikiliza kwa vidole. Tukasema maneno mawili matatu. Kisha akatoa chuma kwenye makaa, kimekuwa chekundu, akaniweka alama mbili kwenye shavu la mguu na moja nyuma ya goti.

Nilisikia harufu ya nyama yangu. Sikulia. Nilitia meno kwenye kilemba changu, sikutoa hata pumzi. Wenzangu wakanipiga begani, wakasema, "Wallahi, mwanamme, Muomani khasa." Wakanikumbatia. Nikarudi Maskati nnacheka njia nzima, na mguu unanuka.

Alama mbili za chini zilikauka baada ya mwezi mmoja na nusu. Ile ya nyuma ya goti haikukauka. Ikafunguka. Ikawa kidonda, kikashuka, kikatafuna mpaka juu ya shavu. Kazini nikapewa ruhusa ya ugonjwa. Wenzangu walikuja mara moja kunitazama, wakakaa mlangoni kwa sababu ya harufu, hawakuja tena. Siwalaumu. Watoto wangu mwenyewe walikuwa wakiniletea chakula huku wameziba pua, wanadhani sioni.

Kidole kidogo cha mguu kikawa cheusi. Si cha bluu, cheusi. Nikilala nauning'iniza mguu pembeni ya kitanda, maana ukiwa juu unauma kama umetiwa pilipili, ukining'inia unapoa kidogo. Nilikuwa mtu wa kugomba, sasa nikawa mtu wa kutukana. Nilimwambia mke wangu, "Nenda kwenu. Usikae na mzoga."

Akasema, "Nnakwenda kuchukua beseni. Nikirudi uwe umeshanyamaza."

Ndiye aliyekuwa akinipeleka kituo cha afya kusafishwa kidonda, siku moja tunakwenda, siku moja hatwendi. Ananishika mkono hadharani, mimi nimevaa kanzu safi juu na uvundo chini yake.

Mwisho madaktari wakasema kidonda kinakaribia mfupa, na mguu wenyewe hauna uhai wa kupigana nacho. Utakatwa juu ya goti. Njoo Jumamosi. Wakanipa karatasi. Nikatia saini. Nilikuwa nimechoka kiasi hicho. Niliomba Mungu anichukue mzima asinichukue vipande vipande. Nasema kweli, nilimwomba hivyo, mchana, macho makavu.

Siku ile ile nikamsikia mama yangu ukumbini anazungumza na mjomba. Mama anaongea kwa sauti ya chini siku zote, lakini nyumba yetu ni ndogo. Akauliza, "Huo mguu tutauzika wapi?" Maana kwetu kiungo kinazikwa, hakitupwi. Mama akasema, "Baba yake yuko Unguja. Bibi yake yuko Unguja. Hapa hatujazika mtu bado." Mguu wangu ndio ungekuwa wa mwanzo katika ukoo wetu kuingia kwenye ardhi ya Maskati. Nilijifunika shuka usoni, nikalia kilio ambacho kwenye moto sikulia.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano nikapelekwa kituo cha afya kufungwa bendeji ya mwisho kabla ya kukatwa.

Pale palikuwa na sista mmoja, muuguzi wa Kikenya. Mkristo, Kiswahili chake cha kwao, tulikuwa tunachekana, mimi namwambia "hii kidonda" si Kiswahili, yeye ananiambia nimsamehe ameacha sarufi Nakuru. Siku ile hatukuchekana. Alikuwa anangojea bendeji ziletwe kutoka stoo, na alasiri imeingia. Nikamuuliza kama naweza kusali. Akasogeza meza ya dawa, akatandika shuka safi chini, akasimama pembeni kimya.

Nikasali. Na kwa ukaidi wangu nikakaa tahiyatu kamili, nimeukalia mguu wangu, nikasema ndiyo mara ya mwisho naukalia, acha uume. Nikatoa salamu. Nikajikokota kuunyoosha.

Yule sista akaja, akapiga magoti mbele yangu, akaushika unyayo kwa mikono miwili.

"Kaka, samahani. Sikutaka kukuangalia ukiomba."

Nikamfokea. "Mimi nasali, wewe unatazama nyayo zangu?"

"Nimeona mguu. Ulikuwa na rangi ukiwa umesimama. Sasa ni nyeupe kama unga. Umeona? Sasa inarudi. Inarudi polepole."

"Unakufa ganzi. Siku zote unakufa nikikaa."

"Siku zote? Hata kabla ya kuchomwa?"

"Tangu mwaka juzi."

"Uliambia daktari?"

Ndugu zangu, sikuwaambia. Niliwaambia unauma nikitembea. Habari ya sala na habari ya sinia niliona ni aibu yangu, si ugonjwa. Ningemwambia vipi daktari mgeni kwamba siwezi kula na wenzangu?

Akaweka vidole viwili juu ya unyayo wangu, akatafuta, akatulia. "Nyoosha. Iko. Kidogo, lakini iko. Sasa kunja goti, kunja kabisa, vumilia." Nikakunja. Nikamwona uso umebadilika. "Imepotea. Nyoosha. Haya, imerudi. Kunja tena." Alifanya hivyo mara nne. Mke wangu kasimama mlangoni, mkono mdomoni. Kisha sista akasema, "Kaka, hii shida si kidonda. Kidonda kimekosa damu. Kuna kitu nyuma ya goti kinafunga mfereji wa damu. Hawa watu wasikate huu mguu kabla mtu hajaangalia hapo."

Akenda kwa daktari wake. Daktari akasema karatasi imeshatiwa saini na yeye si kazi yake. Akarudi tena. Nikamsikia ukumbini anasema Kiingereza kwa sauti ambayo sista haruhusiwi kusema kwa daktari. Angeweza kupoteza kazi, na kazi yake ndiyo viza yake, nyinyi wa Wadi Kabir mliokuja kwa viza ya kazi mnajua maana yake kuliko mimi. Mwisho daktari akatoka mwenyewe, akaushika mguu, akanikunja goti, akaninyoosha, akanikunja. Akakaa akaandika barua.

Jumamosi nilikwenda hospitali na barua ile badala ya ile karatasi. Wakanitia dawa kwenye mshipa, wakapiga picha mguu umenyooka, kisha mguu umekunjwa. Daktari wa upasuaji akanionyesha. Kwenye picha ya kwanza mshipa mkubwa wa damu unashuka nyuma ya goti, mahali pamoja umekuwa mwembamba kama uzi. Kwenye picha ya pili umekatika. Akasema ndani ya ukuta wa mshipa wenyewe kumeota kifuko cha ute, kama ute wa yai. Ukinyoosha mguu damu inajipenyeza, ukikunja kifuko kinaubana mshipa. Akasema ni maradhi adimu, madaktari wengi wanastaafu hawajayaona. Na kwamba ule moto nyuma ya goti umetiwa kwenye ngozi isiyo na damu ya kujiponyesha.

Nikamuuliza swali moja tu. "Unakatwa?"

Akasema, "Kidole kidogo, ndiyo, kimeshakwenda. Mguu, ntajaribu."

Walikata kipande kile kibovu cha mshipa, wakachukua mshipa mwengine kutoka paja la kulia, wakaunga. Nilipozindukana sikuthubutu kutazama. Nikamuuliza mke wangu, "Upo?" Akatia mkono chini ya shuka. Akakaa na mkono wake pale muda mrefu mpaka nikaogopa. Kisha akasema, "Una moto. Unyayo wako una moto." Akaanza kulia, mwanamke ambaye mwaka mzima hakulia mbele yangu.

Kidonda kilichokataa kupona miezi kilifunga kwa wiki saba. Nimerudi kazini. Daktari hapendi niukalie mguu, basi nasali kwenye kiti pale nyuma na wazee wa miaka sabini, na wananipenda sana kwa sababu nawainulia misahafu.

Shukurani zangu. Yule sista amesharudi kwao Kenya, Mungu ampe kila alitakalo, alikitazama kitu ambacho mimi nilikuwa nakificha. Yule daktari aliyekubali kurudi nyuma baada ya kusema hapana. Yule wa upasuaji. Mama yangu. Na mwenye beseni.

Na nasaha yangu kwenu ni hii. Ukenda kwa daktari mwambie hata lile unaloliona si la kidaktari. Mwambie mguu unakufa ukila, ukisali, ukifunga kamba za viatu. Mtu akiwa na maumivu ya shavu la mguu yanayokuja akitembea na kuondoka akisimama, na hasa akiwa kijana, mwambie amtake daktari amshike unyayo, akunje goti, aushike tena. Na usitie moto kwenye mguu usioujua.

Hapo ndipo nilipotaka kumaliza, lakini nimebakisha moja, nalo sijamwambia mtu yeyote.

Katika ukoo wetu kila mtu anajua kwamba yule mzee mchomaji ndiye aliyeniharibu mguu. Nilipokuwa kitandani, shemeji zangu walikwenda mpaka kijijini kwake, wakamfokea mbele ya wajukuu zake. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaomba radhi. Hakuchoma mtu tena baada ya siku ile. Mwaka jana amefariki. Nililetewa habari, sikwenda kuzika.

Siku ile aliponilaza kwenye jamvi aliushika unyayo wangu, na akaniinamia sikioni ili wenzangu wasisikie. Akanambia, "Mwanangu, mguu huu baridi. Moto hauwekwi kwenye mguu baridi. Rudi Maskati kwa madaktari." Yule mzee asiyesoma alijua kabla ya wote. Nami nikamwambia si baridi, nimetoka kutawadha kwa maji ya mfereji. Sikuwa nimetawadha. Akaniuliza tena. Nikapaza sauti, wenzangu wasikie, nikamwambia, "Choma, mzee. Unaniogopea nini?" Na mimi nilikuwa mgeni nyumbani kwake, na kule mgeni hakataliwi.

Alipokuja kufokewa hakusema hata neno moja kati ya hayo. Na mimi niliwaona shemeji zangu wanavaa viatu kwenda kwake, nikageuka ukutani.

Mama watoto, najua unanisikia hapo nyuma. Ndugu zako walimtukana mtu asiye na kosa kwa ajili yangu. Kaacha watoto wake kule, bado wanaambiwa baba yao aliunguza mguu wa mtu. Alkhamisi hii nataka nende nikawaambie kwa mdomo wangu, na peke yangu sijui kama ntafika mlangoni. Nakuomba twende sote.